Petroli ikiadimika Kigoma: foleni ya sheli au chupa ya mtaani?

Petroli ikikatika, vijiwe vya bodaboda vya Mwanga na Ujiji hurudi kwenye ubishi uleule: upange foleni sheli au ununue chupa ya mtaani?

Kwa bei, sheli haina mpinzani. EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi, na risiti unapewa. Chupa haina kikomo; muuzaji anapima haraka yako.

Ubora ndio wa kuangalia sana. Petroli ya chupa ni rahisi kuchakachuliwa kwa mafuta ya taa. Hapo pikipiki inagoma kuwaka asubuhi, inatoa moshi, plagi inajaa masizi. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka upesi, yenye mafuta ya taa huacha doa. Sheli nazo zipo zinazochakachua, ila risiti inakupa pa kuanzia kulalamika.

Kwa muda, chupa inashinda waziwazi. Mwenye mgonjwa wa kupeleka hospitali ya Maweni hawezi kusubiri foleni.

Kujaza madumu ya akiba ndani ya nyumba sikubaliani nako kabisa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa. Tena kila dumu linalojazwa kwa hofu linamkosesha mwingine.

Dereva anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni, foleni ya alfajiri inamlipa, maana injini ndiyo mtaji wake. Mwenye dharura anunue lita moja ya chupa, aijaribu kwanza kwenye karatasi.