Miaka 10 ya usiku wa Kihindi pale Capri Point, Mwanza: dhol ilinilipa, DJ wa Dar alinidai

Nianze na pesa, maana ndiyo watu wananiuliza. Kiingilio cha sherehe ya miaka 10 kilikuwa shilingi 20,000, wakati miezi mingine tunalipa nusu yake. Meza ya watu sita ilikuwa 200,000. Soda moja 3,000, hela ambayo pale Makoroboi nakunywa mimi na wenzangu wawili. Saa mbili za mwanzo nilikuwa naona kabisa nimepigwa. Baada ya hapo mambo yalibadilika, nitaeleza.

Kwa wasiojua: kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye bustani ya hoteli moja inayotazama ziwa upande wa Capri Point, kunapigwa muziki wa Kihindi uliochanganywa na wa kwetu. Bhangra, yaani ngoma ya Wapunjabi inayopigwa kwa dhol, nyimbo za filamu, garba, ngoma ya mduara ya Wagujarati, halafu bongo fleva, singeli, na siku hizi amapiano. Wanaokuja ni vijana wa Kihindi wa hapa hapa, ambao Kiswahili chao kina Kisukuma ndani, na sisi wengine tuliokulia kwenye vibanda vya video tukitazama filamu za Kihindi bila tafsiri na kulia pale pale wanapolia wao. Mimi nakodisha vyombo vya muziki kwa harusi na send-off, kuanzia Nyakato mpaka Magu, kwa hiyo masikio yangu ni ya kazini hata nikiwa nimevaa viatu virefu. Nilikwenda na wifi yangu wa Kisesa, mtu ambaye muziki wowote usio na ngoma kubwa anauita redio.

Tiketi iliandikwa saa 1 jioni, muziki ukaanza saa 2 na robo. Hapo siwalaumu sana, hakuna sherehe ya mji huu inayofuata saa ya kwenye kadi.

Chakula nakisifu. Sato alikuwa wa siku hiyo hiyo, amekaangwa mzima, anakuja na chatne ya ukwaju na ndimu. Bhajia za dengu zilikuwa za moto kila nilipozifuata. Wasiokula nyama waliwekewa meza yao upande wake, yenye mafuta yake na miiko yake, na kijana aliyesimama pale hakuruhusu mtu kuja na uma wa mishkaki. Jambo dogo, lakini kwa mama wa Kigujarati ndilo linaloamua kama atakula au atashinda na maji. Mishkaki yenyewe ilikuwa migumu, tuliiacha.

Mavazi, loo! Kuna binti alivaa lehenga iliyoshonwa kwa kitenge, sketi imemwagika mpaka chini, mtandio wa hariri ya kijani begani. Fundi aliyeifanya ile kazi atafutwe.

Sasa twende kwenye muziki.

Mgeni wa heshima alikuwa DJ kutoka Dar es Salaam, picha yake ilijaa nusu ya tangazo. Aliukata kila wimbo kabla ya ubeti wa pili. Unaanza kuuzoea, unainua mguu, ameshaenda kwingine. Halafu akawa anachukua sauti ya mwimbaji wa Kihindi anaiweka juu ya amapiano bila kulinganisha ufunguo: mwimbaji yuko juu, kinanda kiko nusu hatua chini yake, sikio linawasha. Watu walicheza, sikatai, watu waliolipa 20,000 watacheza tu. Ila nilitazama miguu, na miguu ilikuwa inatafuta.

Na vyombo vilimponza. Waliofunga waliweka besi mbili zikielekea kwenye yale majabali nyuma ya bustani. Mwanza tunaishi na mawe, kila anayefanya kazi hii anajua: ukilielekezea jiwe besi linakurudishia, na linakurudishia kwa kuchelewa. Kwa waliosimama katikati kila pigo lilisikika mara mbili. Spika zilitakiwa ziwe na mgongo kwenye mawe, zitazame ziwani. Nilimfuata kijana wa mixa nikamwambia kwa upole. Akaniita "mama", akaendelea na simu yake.

Katikati hapo MC akapanda na hotuba ya miaka 10. Alisema usiku huu umetuletea London Mwanza. Wakapiga makofi, mimi nikabaki na soda yangu mkononi. Habari ya London yenyewe ni ya kweli. Mwaka 1995 Talvin Singh na Sweety Kapoor walianzisha usiku ulioitwa Anokha kwenye klabu ya Blue Note, Hoxton, kila Jumatatu, tabla, zile ngoma ndogo mbili za Kihindi, juu ya drum and bass, muziki wa kasi wa klabu za kule, na kutokea hapo muziki wa vijana wa Kiasia wa Uingereza ukasikika mbali zaidi. New York nao walikuwa na Basement Bhangra wa DJ Rekha, ulioanza 1997 ukafungwa 2017, miaka 20 mizima, mara moja kwa mwezi kama huu wetu. Angeyataja hayo ningefurahi. Lakini angetaja na njia yote. Kuljit Bhamra, mpiga tabla na mtayarishaji aliyeshika sehemu kubwa ya bhangra ya Uingereza, alizaliwa Nairobi mwaka 1959. Waliojenga reli ya Mombasa mpaka kwenye ziwa hili hili, pale Kisumu mwaka 1901, walikuwa maelfu kwa maelfu kutoka India, wengi wao Wapunjabi, watu wa dhol. Na Mombasa, Juma Bhalo aliimba taarab kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, tabla na hamonia zikimsindikiza, miaka mingi kabla Hoxton haijafunga spika. Huu mchanganyiko hatukuuagiza. Ulipita hapa ukiwa njiani.

Basi. Saa 4 na nusu DJ wa Dar akateremka na akapanda DJ mwenyeji, kijana wa hapa aliyekuwa na usiku huu tangu mwanzo. Jambo la kwanza, akaenda mwenyewe kwenye besi, akazigeuza. Nilimpenda hapo hapo.

Jambo la pili, akamleta mpiga dhol. Kwa wasioijua, dhol ni pipa la mbao lenye nyuso mbili, linaning'inia shingoni kwa mkanda. Uso wa besi unapigwa kwa fimbo nene iliyopinda, dagga, na uso wa pili kwa kijiti chembamba, tilli. Kuifungia maiki ni kazi. Watu wengi wanaweka maiki moja katikati, dagga inameza kila kitu, tilli inabaki kama mvua ya mbali. Huyu aliweka mbili, ya upande wa dagga akaisogeza mbali na kuishusha, ya tilli akaiweka karibu. Kila kijiti nilikisikia.

Wakaanza bhangra ya kawaida, mapigo kama 100 kwa dakika, ile ya mabega. Bustani ikajaa. Halafu chini yake DJ akaanza kuingiza singeli, taratibu, kwanza kinanda tu. Singeli ya Manzese na Tandale inakimbia mapigo 200 na kupanda, na ukiiangalia kwenye karatasi utasema haiwezi kukaa na bhangra. Lakini 200 ni 100 mara mbili. Kijana aliipimia hapo hapo, kwa hiyo dagga ikawa inashika mwendo wa mguu, na tilli, ambayo tangu mwanzo ilikuwa inagonga kati ya mapigo, ikakutana na singeli kifua kwa kifua. Anayetaka kucheza pole pole anafuata dagga, anayetaka kufa anafuata tilli, na wote wako kwenye wimbo mmoja. Kisha mwimbaji wa singeli naye akapanda, akachana dakika kama saba bila kutua, mpiga dhol anamjibu mwisho wa kila mstari. Mimi nimefunga vyombo kwenye harusi za Kihindi na kwenye vigodoro, lakini kuvisikia viwili hivyo vikigawana besi moja sikuwahi. DJ wa Dar alikuwa amesimama pembeni na glasi. Natumaini alisikiliza.

Wifi yangu alikuwa bado amekaa. Aliinuka walipoingia watu wa Kisesa, kundi la bugobogobo, wanaume na wanawake, ngoma kubwa na majembe. Waliokulia huku hamhitaji maelezo: hii ni ngoma ya vikundi vya kulima, jembe linazungushwa, linarushwa juu, linadakwa, na mwili wote unarudi chini kama mtu yuko shambani. Mpiga dhol hakuondoka. Alisogea, akasikiliza mzunguko mmoja, akaingia. Vijana wanne wa bhangra nao wakaingia, wakiruka kwa mguu mmoja, mikono juu.

Karibu yetu alikuwa amekaa mzee mmoja wa Kihindi ambaye nanunua kwake kebo na plagi, na tulikuwa tumeshaamkiana. Wifi akamgeukia: "Shikamoo mzee. Hawa wa kwenu wanavuna nini?"

"Marahaba. Ngano," mzee akajibu, kana kwamba ni swali analoulizwa kila siku.

Na ni kweli, bhangra ni ya wakulima wa Punjab, ya Vaisakhi, sikukuu yao ya mavuno, mwezi wa 4 ngano inapokomaa. Mzee akaendelea kusema kuwa babu yake alikuja huku kwa ajili ya kinu cha kuchambua pamba, na Wasukuma ndio waliokuwa wakileta hiyo pamba. Akasema hivyo tu, akarudi kwenye bhajia zake. Wifi alikuwa ameshavua viatu. Sijui kwa nini waandaaji waliliweka kundi hili saa 5 usiku kwa dakika 15 kama kipambo, wakati DJ wa Dar alipewa saa mbili kamili. Ningekuwa mimi ningegeuza hesabu.

Kisha garba. Mlangoni vijiti vya dandia, vya kugonganisha na mwenzako mkicheza, viliuzwa 2,000 kwa jozi, wengi tulinunua bila kujua tutavifanyia nini. UNESCO waliiingiza garba ya Gujarat kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2023, na MC alilisema hilo, hongera kwake. Wakaanza bila vijiti, kwa makofi matatu, yale wanayoita tran taali: unapiga, unapiga, unapiga, unageuka. Mduara uliongozwa na wamama watatu au wanne wenye sari, watu wazima hasa, na hapo ndipo nilipopata uchungu. Wamama wengine wa aina yao walikuwa wameshaondoka. Nilishawaona tangu saa 4, wamekaa na mikoba mapajani wanasubiri garba, DJ anakata nyimbo, usingizi unawashika, mwisho watoto wao wakawarudisha nyumbani. Kwa hiyo mduara ulikuwa na watu kama mimi tunaogongana vijiti na vidole, na walimu wachache mno.

Dawa yake ipo na si ngeni. Miaka ya 1980 London, Birmingham na Bradford, bhangra ilipigwa mchana, kwa sababu mabinti na vijana wengi hawakuruhusiwa kutoka usiku. Walitoroka shule wakaenda kucheza saa 7 mchana, wakarudi nyumbani na mabegi yao. Sisi hatuna haja ya kumtorosha mtu. Anzeni saa 10 alasiri, jua likiwa linashuka juu ya ziwa, garba na bugobogobo kwanza, wazee na watoto wakiwepo, singeli ije baadaye. Hoteli itauza chakula mara mbili.

Malalamiko mengine nayapitia haraka. Vyoo vya wanawake viwili kwa umati ule ni dharau. Eneo la VIP liliwekwa mbele kabisa na makochi meupe, watu wamekaa wanajipiga picha, wachezaji wako nyuma yao. Ulinzi getini ulikuwa mzuri na wa heshima. Kutoka saa 8 usiku hakukuwa na bajaji hata moja, na boda waliokuwepo walitaka 10,000 mpaka Buzuruga. Tulikubaliana 6,000 kila mmoja, wifi kaweka jozi yake ya dandia ndani ya kanga.

Nitarudi, lakini kwa Jumamosi ya kawaida, ya 10,000, DJ mwenyeji akiwa peke yake. Ukienda, usinunue meza. Nunua tiketi ya kusimama, kula sato mapema kabla foleni haijashika, ujisogeze kushoto, upande wa ziwa, hatua chache kutoka kwenye spika ya mwisho. Pale jiwe halikufikii, na mpiga dhol anapenda kushukia upande huo.