Dawa za kipandauso mjini Arua: ipi inastahili fedha yako?

Tathmini hii inahusu dawa na tiba za nyumbani ambazo mtu mwenye kipandauso sugu anaweza kuzitumia akiwa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nami naiandika kama mteja wa miaka mingi wa maduka ya dawa ya mji huu, si kama daktari. Hukumu yangu naitanguliza: kidonge kilichonifaa kuliko vyote si kile kinachomezwa kichwa kikiwa tayari kinapasuka, bali ni kidonge kidogo cha bei nafuu kinachomezwa kila usiku, hata siku ambazo kichwa kimetulia.

Dawa za kutuliza maumivu ndizo kila duka huzitoa bila maswali. Kwa mtu mzima, aspirini ya miligramu 900, ibuprofeni ya miligramu 400 au parasetamoli ya gramu moja hufanya kazi ya kuridhisha ikimezwa mara tu mpwito unapoanza, ingawa mwenye vidonda vya tumbo hana budi kuziepuka hizo mbili za kwanza. Kuchelewa ndiko kunakoziharibia sifa. Kipandauso kikishapamba moto, tumbo nalo hupunguza mwendo wake, kwa hiyo kidonge hukaa humo bila kufyonzwa na mara nyingi huishia kutapikwa. Ndiyo maana metoklopramidi ya miligramu 10, ambayo wengi huijua kama dawa ya kichefuchefu tu, husaidia dawa ya maumivu ifike inakotakiwa. Nashangaa ni wauzaji wachache kiasi gani wanaoitaja.

Lalamiko langu kubwa ni namna dawa hizi zinavyouzwa. Duka moja nililolizoea, ambalo sitalitaja jina, huhesabu vidonge kutoka katika kopo kubwa, huvitia katika bahasha ndogo ya kaki na kuandika juu yake kwa kalamu "2x3", pasipo jina la dawa, nguvu yake wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Mnunuzi hawezi kujua kama amepewa parasetamoli tupu au iliyochanganywa na kafeini, na kwa mgonjwa wa kipandauso tofauti hiyo ni kubwa. Anayemeza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi katika mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa zenyewe. Kwa vidonge vya mchanganyiko, au kwa ergotamini na sumatriptani, ambazo ni dawa mahususi za shambulio la kipandauso, kikomo ni siku 10 tu. Bahasha isiyo na jina humwingiza mtu katika mtego huo bila habari. Dai pakiti yenye maandishi, hata kama muuzaji atanuna.

Ergotamini siipendekezi. Huibana mishipa ya damu kwa nguvu, na ikikutana mwilini na ritonaviri, iliyomo katika baadhi ya dawa za kupunguza makali ya VVU, inaweza kukata damu ya vidole vya mikono na miguu. Katika nchi ambayo watu wengi wanameza dawa hizo kwa siri ya nyumbani, kuiuza bila kumhoji mteja ni hatari isiyo na sababu. Sumatriptani ni dawa bora kuliko hiyo, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Kidonge cha miligramu 50 kimewahi kuniinua kitandani siku ambayo nilikwisha kukata tamaa. Kasoro zake ni bei, ambayo haina uwiano na mshahara wa mwalimu, na kutopatikana kwa uhakika. Aidha, mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu lisilodhibitiwa haruhusiwi kuitumia.

Sasa nije kwenye dawa za kinga, ambazo ndizo hasa zilizonifanya niandike. Kipandauso huitwa sugu pale kichwa kinapouma siku 15 au zaidi kwa mwezi, na aliyefikia hapo hawezi kuishi kwa kukimbiza maumivu. Propranololi, inayofahamika zaidi kwa wagonjwa wa presha, hupunguza idadi ya mashambulio, ila mwenye pumu asiiguse. Mimi niliandikiwa amitriptilini. Dozi ya kuanzia ni miligramu 10, lakini kidonge nilichokipata kilikuwa cha miligramu 25, hivyo mfamasia alinionyesha namna ya kukikata nusu kwa wembe mpya juu ya sahani, akaniambia, "Mama, usiihukumu kabla ya miezi miwili." Majuma ya mwanzo yalikuwa mazito: mdomo ulikauka kama chungu kilichosahauliwa motoni, na asubuhi niliamka na usingizi machoni. Baadhi ya jamaa walinong'ona kwamba ni dawa ya wendawazimu, kwa sababu hutumika pia kutibu sonona. Kichwa hakijaacha kuuma kabisa, lakini siku za kulala gizani zimepungua kiasi cha kuniwezesha kumaliza muhula bila kuombewa ruhusa, na kwa bei yake sijaona bidhaa inayoikaribia.

Jikoni nako kuna msaada, wenye mipaka. Tangawizi mbichi iliyopondwa na kuchemshwa hutuliza kichefuchefu vizuri, na barafu ya kaveera, yaani ya mfuko wa plastiki, iliyofungwa kwa kitambaa juu ya paji la uso hunipa nafuu ya haraka kuliko dawa ya kuchua. Kikombe kimoja cha kahawa nzito husaidia mwanzoni, lakini anayeinywa kutwa nzima ataumwa siku atakapoikosa, jambo ambalo wafungaji wanalijua siku za kwanza za Ramadhani. Mululuza, yale majani machungu ya kienyeji, ni chungu, na kwa kichwa changu haujafanya lolote. Kuchanjwa chale kwenye panda za uso nakukataa moja kwa moja, kwa kuwa wembe unaopita kwa watu kadhaa hubeba VVU na homa ya ini.

Hakuna chochote kati ya hivi kinachostahili kujaribiwa kabla ya kupima malaria, kwa maana hapa kwetu homa na kichwa hutembea pamoja. Na kichwa kikianza ghafla kwa nguvu isiyo ya kawaida, au kikiambatana na homa na shingo kukakamaa, acha bahasha na tangawizi uende hospitali siku hiyo hiyo: West Nile, eneo letu hili la Arua, imo katika ukanda wa Afrika unaokumbwa na milipuko ya homa ya uti wa mgongo, na ugonjwa huo hausubiri kidonge cha usiku.