Shokapu za mbele za SV650 ya zamani: ipi ununue kwanza

Pikipiki za Suzuki SV650 za mwanzo, za 1999 hadi 2002, zina injini tamu na fremu inayokata kona vizuri. Ulegevu uko mbele. Springi zake ni laini, karibu 0.7 kg/mm, na ndani ya shokapu hakuna katriji, yaani kifaa kamili chenye vali zake za kudhibiti oili, bali fimbo yenye matundu yasiyorekebishika. Unapokamata breki oili hupita polepole, matundu hayaizuii vya kutosha, na pua inazama. Tairi likigonga shimo, oili hiyo hiyo hutaka kupita kwa kasi, matundu yanaikaba, kishindo kinaishia mikononi. Kwa hiyo oili nzito peke yake haiponyi: inapunguza kuzama na kuzidisha kishindo.

Kabla ya kutoa pesa, pitisha ukucha kwenye bomba la kromu pale sili, mpira unaozuia oili kuvuja, inapopita. Ukikwama kwenye kidoti cha kutu, sili mpya itachanwa na kuvuja tena. Shughulikia bomba kwanza.

Nafasi ya kwanza: springi za uzito wako. Hapa ndipo kila shilingi inaonekana barabarani. Chukua springi zenye ugumu mmoja mwanzo hadi mwisho, si zile zinazoongeza ugumu kadiri zinavyobanwa, maana hizo ni vigumu kuzipangia. Kwa dereva wa kilo 70 pamoja na mavazi, anza na 0.85 kg/mm, wa kilo 80 hadi 90, 0.90, zaidi ya hapo, 0.95 au 1.0. Badilisha oili, sili na bushi siku hiyo hiyo. Spesa, kipande kinachokaa juu ya springi na kuibana, kata kwa bomba la PVC, kisha pima: tofauti kati ya gurudumu likining'inia na wewe ukiwa umekaa na mavazi yote iwe milimita 30 hadi 35. Ikizidi, refusha spesa. Lakini ukilazimika kuibana springi kupita milimita 25 ili ufike hapo, springi ni laini kwako. Kuibana zaidi kunainua pikipiki tu, hakuongezi ugumu.

Ya pili: vali za Gold Valve za Race Tech, zile zinazokaa juu ya fimbo, chini ya springi. Zinatibu ugonjwa wenyewe, kwa sababu kila moja ina kispringi kinachobonyea na kufungua njia oili inapokuja kwa kasi. Fimbo hutobolewa ifikishe matundu sita ya milimita 8 ili kazi yote ihamie kwenye vali. Safisha kingo za matundu kwa tupa, chembe moja ya chuma inatosha kukwaruza bushi. Tumia oili ya 15W. Pima usawa wake springi ikiwa nje na shokapu imebanwa hadi mwisho, milimita 130 hadi 140 kutoka juu. Spesa nayo ifupishwe kwa kimo cha vali. Hili husahaulika sana, na pua inabaki juu, ngumu.

Bolti ya chini ya shokapu, inayoshika fimbo, ndiyo inayowatesa wengi, kwa kuwa fimbo huzunguka nayo. Ilegeze kwa mashine ya hewa wakati springi na kifuniko bado vimo, na uweke washa mpya ya shaba, la sivyo oili itadondoka pale. Vifuniko vya juu pia vilegeze shokapu zikiwa bado kwenye pikipiki, baada ya kulegeza bolti za kishikio cha juu kinachobana shokapu.

Ya tatu ni katriji kamili, kama zinazotengenezwa na Andreani au K-Tech. Ni bora kuliko vali, na marekebisho hufanyika kwa kugeuza bisibisi bila kufungua shokapu. Bei yake ni mara kadhaa ya springi. Inamlipa anayekimbia kwenye saketi. Kwa barabara, springi na vali vinatosha.

Ya mwisho, ingawa ndiyo inayotamanisha kwa macho: kuhamisha mbele nzima ya GSX-R, pikipiki ya kasi ya Suzuki. Shokapu peke yake hazitoshi. Utahitaji vishikio vyake, ekseli, gurudumu, kalipa na mikono ya usukani. Urefu wake hutofautiana, usukani unabadilika, na springi zilipangiwa pikipiki nyingine, kwa hiyo huenda ukanunua springi tena.

Njia yoyote utakayochagua, usikaze bolti ya kubana ekseli mapema. Shusha pikipiki, bonyeza mbele mara kadhaa ili miguu ya shokapu ijipange, ndipo ukaze. Ikikazwa imepinda, shokapu zitakwama hata ukiweka vifaa vya bei gani.