Likizo ya shambani Sipi, Uganda: tulilala kwa wakulima wa kahawa

Kama unatafuta likizo ya shambani nje ya nchi na mshahara wako ni wa mwalimu kama wangu, usianzie Ulaya. Vuka mpaka wa Busia. Sisi tulitoka Kisumu na watoto likizo ya Agosti, tukalala kwa familia ya wakulima wa kahawa Sipi, wilaya ya Kapchorwa, upande wa Uganda wa Mlima Elgon. Ningerudi kesho.

Ulaya niliipigia hesabu kwanza. Italia wana sheria ya nyumba za wakulima tangu 1985: mkulima anaruhusiwa kulaza na kulisha wageni, ila kilimo lazima kibaki ndiyo kazi yake kubwa. Hilo nililipenda sana, na ndilo nililokuwa nalitafuta. Lakini ada ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, peke yake ni yuro 90 kwa mtu mzima, ukinyimwa hurudishiwi, na hapo hujagusa tiketi ya ndege. Kuna pia mpango wa WWOOF ulioanzia Uingereza mwaka 1971, ambapo unafanya kazi shambani kwa mtu naye anakupa kitanda na chakula. Unamfaa kijana asiye na familia. Mimi nina watoto na mume anayeumwa mgongo.

Bei ya Sipi ni hii. Tulilipa shilingi 60,000 za Uganda kwa mtu mzima kwa usiku, chakula cha jioni na chai ya asubuhi ndani yake, na watoto nusu. Shilingi yetu moja ya Kenya ilikuwa kama 28 zao, kwa hivyo ni elfu mbili na mia moja hivi. Hapa Kisumu pesa hizo ni chumba cha gesti, na chakula ujitafutie.

Kupata nyumba yenyewe ndiko kulikonitoa jasho. Kwenye mtandao mmoja wa kuhifadhi vyumba nilikuta nyingi zinazojiita za shambani, bei kwa dola, picha za maua na viti vya kupumzikia. Nilipoandika kuuliza shamba linalima nini, hakuna aliyenijibu. Nikaacha picha, nikaanza kupiga simu. Kijana anayeongoza wageni kwenye maporomoko ya maji ya Sipi alinipa nambari ya mama mmoja mkulima, nami nikamuuliza mambo matatu ambayo sasa humuuliza kila mtu: mwezi huu shambani kuna kazi gani, nani anapika, na maji ya kuoga yanatoka wapi? Mwenye shamba hajiumi ulimi kwa maswali kama hayo. Mama huyu, aliyezoea kuuza vitunguu soko la Kitale na Kiswahili chake ni cha huko, alinijibu papo hapo: "Mwezi wa nane kahawa inaanza kuiva, dada. Napika mimi. Maji ni ya mtoni, nakuchemshia. Kuja na gambuti."

Tulienda na gambuti, na ilikuwa heri. Mvua ilinyesha karibu kila alasiri, na ile njia nyekundu ya kuingia shambani inateleza vibaya.

Kahawa yao ni arabika, imepandwa chini ya migomba, miti michache huku na michache kule. Asubuhi tulipewa vikapu, tukaambiwa tuchume nyekundu tu, kijani tuziache. Binti yangu mdogo alichanganya. Bibi wa boma, mama mkwe wa mwenyeji wetu, akamwaga kikapu chote juu ya gunia akaketi naye kuchambua moja moja bila kumkaripia. Kisha zikatiwa kwenye beseni la maji: zilizoelea ni mbovu, zinatolewa. Zilizozama zikapitishwa kwenye mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono, maganda yakatokea upande mmoja na buni zenye utelezi upande mwingine. Hizo hulazwa usiku kucha zichachuke, zioshwe, ndipo zianikwe, na hukaa juani siku nyingi. Kwa hivyo za kunywa tulitwanga zilizokwisha kukauka, kwenye kinu, tukazipepeta kwa ungo, tukazikaanga kwenye sufuria juu ya kuni. Bibi hakutazama saa. Alitega sikio. Buni zilipoanza kualika alihesabu kidogo kichwani, akaipua. Nimekunywa kahawa maisha yangu yote, ya kopo, na sikuwa nimejua kwamba kahawa bila sukari inaweza kuwa na utamu wake yenyewe.

Chakula: matoke, maharagwe, mboga za dodo (mchicha) kwa karanga, na maziwa lala ya kibuyuni ambayo mume wangu, mtu wa Kapsokwony, upande wa Kenya wa mlima, aliyapokea kwa mikono miwili. Wasabiny wa Sipi na Wasabaot wa kwao ni ndugu; jioni ya kwanza alikuwa ameshaanza kuitwa shemeji, na mazungumzo ya motoni, kwa lugha yao, sikuyafuata tena.

Upungufu upo, na niseme ukweli kabla hujawabeba wazazi wako. Choo ni cha shimo, kisafi kabisa, lakini kiko mbali na nyumba na usiku unahitaji tochi. Baridi ni kali. Blanketi mbili hazikutosha, tukaomba ya tatu. Umeme ni wa sola, unatosha taa na simu. Mwenye magoti mabaya asijaribu kushuka hadi chini ya maporomoko makubwa, yale yanayoanguka karibu mita 100. Ayatazame kutoka juu, yanaonekana vizuri. Bei ya mwongozaji patana naye kabla ya kuanza kutembea.

Kwa safari, watu wazima tulivuka kwa kitambulisho cha taifa, watoto kwa kibali cha muda cha kusafiria. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ukienda na gari lako, kata bima ya COMESA, ile ya gari linalovuka mpaka, kabla. Sisi tulipanda matatu hadi Busia, tukavuka kwa miguu, tukashika nyingine kupitia Tororo hadi Mbale, na kutoka hapo ni kupanda mlima tu. Wa Kitale na Nakuru wanaweza kupitia mpaka wa Suam.

Jambo lililonigusa zaidi aliniambia mwenyeji wetu tukiosha vyombo. Zamani, ada ya shule ilipombana, aliuza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya dalali. Pesa ya wageni humvusha Januari na Mei, na sasa anavuna mwenyewe, anakausha mwenyewe, na anauza ikiwa kavu. Ndiyo maana nasema lipa shambani, mkononi mwa mkulima, na usimkate bei hiyo elfu mbili.

Jina lao siliweki hapa kwa sababu waliniomba hivyo: wana vyumba viwili tu na wanapokea familia moja kwa wakati mmoja. Ukifika senta ya Sipi, waulize waongozaji wakuonyeshe wakulima wanaolaza wageni. Hawako peke yao. Na usipange Krismasi, maana vyumba hivyo hulala watoto wao wanaorudi kutoka Kampala.