Raskazone, Tanga: agizeni pweza, kuku mwacheni

Mgahawa huu una meza chache chini ya mwembe na menyu ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni vyakula vya kwao mpishi, wa pili ni vile alivyojifunza hotelini. Nimekula vya kurasa zote, na ushauri wangu ni mmoja: msifungue ukurasa wa pili.

Nianze na pweza wa nazi. Anachemshwa kwanza kwa maji yake mwenyewe, bila chumvi, mpaka alainike. Kisha ndipo linaingia tui la pili pamoja na vitunguu, bizari na vipande vya embe bichi. Kasimile, yaani tui la kwanza, husubiri mpaka mwisho kabisa, moto umeshapunguzwa, na mwiko hauachi kuzunguka, maana tui zito likichemka vibaya hukatika ukabaki na mafuta juu na maji chini. Nyanya ya kopo haina nafasi humo. Wali umepaliwa makaa juu ya mfuniko, na ukoko wake unaletwa kwenye kisahani pembeni bila kuuomba. Niliposikia ule mlio wa ukoko kwenye meno nilijua huyu mtu hakuanzia chuoni.

Na kweli. Mpishi ana tabia ya kutoka jikoni na kupita mezani, nikamuuliza nani kamfundisha. Bibi yake, akasema, mama mzaa mama, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Bibi alikuwa akiuza mkate wa kumimina na mbaazi za nazi asubuhi, naye mjukuu kazi yake ilikuwa kukuna nazi kabla ya kwenda shule. Kanuni ilikuwa usifike kwenye kifuu, kwa sababu ukikwangua ile ngozi ya kahawia tui linachafuka rangi. Bibi hakuhitaji kuja kutazama. Alisikia tu mlio wa mbuzi ya kukunia umebadilika, akamfokea kutoka jikoni. Mpaka leo, anasema, msaidizi wake akikuna nazi yeye huwa anasikiliza.

Babu naye alitoka Newala, kusini kwenye korosho, kuja kukata mkonge. Zao lenyewe lilikuja Pangani mwaka 1893, miche 62 iliyonusurika safari kutoka Florida, na baadaye likavuta watu wa kila pembe kuja kufanya kazi mashambani. Historia hiyo tunaisoma kwenye vitabu kwa habari za reli na bandari, lakini hapa unaikuta kwenye bakuli: kisamvu cha nazi kilichoungwa kwa korosho zilizotwangwa, kwa sababu babu hakukitambua kisamvu kisicho na korosho na bibi hakukubali chakula kisicho na tui. Waliafikiana chunguni. Kisamvu hicho ndicho chakula bora cha menyu nzima kwa maoni yangu, hata kumshinda pweza, ingawa mke wangu hakubaliani.

Sasa ukurasa wa pili. Mpishi alifanya kazi miaka kadhaa kwenye hoteli za Unguja, na alichopata huko kinaonekana: jiko safi, sahani zinazofika moto, kila mtu mezani anakula kwa wakati mmoja. Hayo nampongeza. Ila kuku wa sosi ya uyoga na tambi za nyama anavipika kwa adabu tu, hana navyo undugu. Hakuna kilichoharibika, na hakuna utakachokikumbuka ukifika nyumbani.

Kilichonivutia zaidi kuliko chakula ni anavyoongea na wageni. Meza ya jirani palikuwa na familia kutoka Pangani, na mama mmoja mtu mzima aliyeagiza samaki wa kupaka. Mpishi akafika, akaamkia, akauliza chakula kimekaaje.

"Marahaba mwanangu. Samaki mzuri, lakini umemtia ukwaju. Sisi twatia ndimu."

Mwingine angetabasamu na kuondoka. Huyu alivuta kiti. Ndimu mnatia kabla ya kupaka au baada? Kwenye tui au juu ya samaki? Akaeleza kwamba bibi yake alitumia ukwaju kwa sababu mti ulikuwa uani, na ndimu zilikuwa za kununua. Kisha akarudi jikoni, akatoka na kipande kingine, safari hii cha ndimu, bila kukiongeza kwenye hesabu. Mama akala polepole, akasema, "Huyu sasa ndiye." Nimeshakula sehemu ambazo mpishi hutoka jikoni kuja kusifiwa. Huyu anatoka kuja kuiba mapishi, na haoni haya.

Lawama zangu. Chakula kinachelewa sana, kwa kuwa nazi inakunwa baada ya wewe kuagiza, kwa hiyo wenye watoto waagize bajia kwanza. Meza mbili za karibu na barabara zina vumbi. Pweza hapatikani kila siku. Anamnunua soko la Deep Sea, na nje ya siku za bamvua, bahari inapokupwa sana, wavuvi mara nyingi hawana wa kutosha. Siku hizo anakwambia hakuna, basi, hakuletei wa kwenye friza. Kwa hilo nampa alama badala ya kumnyima.

Pweza na wali ni shilingi 15,000, kisamvu 5,000. Ijumaa hufunguliwa baada ya swala. Pigeni simu asubuhi mkitaka kisamvu, kwani huisha mapema. Atawauliza mnatoka wapi, na mkisema bara atapunguza pilipili bila kuwashauri. Kama mnaila, semeni hapo hapo.