Mbeetwa au ndata kivumbu?

Zote ni nyasi za kudumu za nyanda kavu za Ukambani na huota kwa mafungu, kwa hiyo ukitazama shina pekee utachanganyikiwa. Angalia suke. La mbeetwa (Eragrostis superba) limetawanya vishada bapa, vipana kama ukucha wa kidole kidogo, vyenye kingo za msumeno. Vikikomaa huanguka vizimavizima. Ndata kivumbu (Cenchrus ciliaris) ina suke moja nene kama mkia wa mbweha, mara nyingi la rangi ya zambarau. Likikauka, livute kiganjani: mbegu zitatoka pamoja na nywele zake, na kijiti kitakachobaki kinakwaruza. Vinywele vya pale jani linapoungana na shina usihangaike navyo, zote zinavyo. Ng'ombe wakishapita, hata mimi hubahatisha.