TAHADHARI: Antena za mita 80 na "RG-213" zinazouzwa kwa WhatsApp Kampala. Msitume pesa kabla ya kusoma hii

Wandugu wa redio ya ridhaa, na hasa nyinyi mliopata leseni juzijuzi na sasa mnatafuta vifaa vya bendi za chini (masafa ya chini, kama ya mita 80): kuna muuzaji anayezungusha picha kwenye vikundi vya WhatsApp vya Kampala, Jinja na Mbarara. Anauza "dipoli kamili ya mita 80" (antena ya waya inayolishwa katikati), balani (kiunganishi kati ya kebo na waya wa antena), rola za "RG-213" (kebo nene ya koaksi kati ya redio na antena), na siku hizi ameongeza boksi analoliita antena ya bendi zote. Mali yake nimeishika, ya wateja tofauti, nikaifungua na kuipima. Sijakuta hata kipande kimoja kilicho kama alivyokitangaza.

Jina lake silitaji kwa sababu halitawasaidia. Malalamiko yakianza anabadilisha laini na jina la biashara, na duka hana. Vitu vinaletwa na boda. Asichobadilisha ni mali yenyewe, kwa hiyo nitaieleza hiyo.

Nianze na boksi, maana ndilo linalowanasa hata wazoefu. Linakuja na waya wa mita 12 tu, na ahadi ya kufanya kazi kuanzia 1.8 hadi 30 MHz, SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, 1 ndiyo bora) chini ya 1.5 kote, bila tyuna (kifaa cha kulinganisha antena na redio). Kabla hujauliza, anakutumia video: transiva (redio ya kutuma na kupokea), mita ya SWR, anapita bendi moja baada ya nyingine na sindano haitikisiki. Video ni ya kweli, na ndiyo maana watu wanatoa pesa.

Sasa fikirini. Dipoli ya mita 80 inataka karibu mita 39 za waya: gawanya 143 kwa masafa yako ya MHz, kwa 3.65 unapata 39.2. Hata ikiwa na urefu wote huo, SWR haikai chini ya 2 kwenye bendi nzima ya 3.5 hadi 3.8 tuliyo nayo huku Kanda ya 1 ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano. Ukiikata iwe nzuri katikati, pembeni inapanda. Antena ikifupishwa, upana wa masafa inayoyafaa unakuwa mdogo zaidi, labda makumi machache ya kilohertz. Kwa hiyo waya wa mita 12 unaotulia kuanzia bendi ya mita 160 hadi ya mita 10 una kitu kingine ndani yake.

Kitu hicho ni rezista. Boksi nililofungua lilikuwa na rezista mbili kubwa za omu 100 zilizoungwa sambamba, na 100 kwa 100 sambamba ni 50, yaani hasa kile ambacho mita ya SWR inakitafuta. Wati zako zinageuka joto mle ndani. Waya ulioupandisha juu ya mfenesi kwa jasho ni pambo.

Kulijua boksi la namna hii ni kazi ndogo. Fungua skrubu, toa nyaya zote mbili, liache boksi kwenye koaksi, kisha pima tena kwa nguvu ndogo. Wati 5 zinatosha, na NanoVNA (kipimaji kidogo cha antena na kebo) ni bora zaidi. Balani ya kweli isiyo na waya wowote itapandisha SWR mpaka mita igote mwisho. Hili linabaki 1.2, kama vile hujagusa kitu.

Kama huna mita, tumia masikio. Washa redio usiku kwenye mita 80 msimu wa mvua. Tuko ikweta, radi za Ziwa Victoria hazina likizo, na antena nzima itapasuka kelele kama mahindi kwenye kikaango. Antena ya huyu bwana imetulia tuli, na yeye anaitangaza hiyo kama sifa: "haina kelele". Haina kelele kwa sababu haisikii.

Akibanwa anajitetea kwamba hata antena iitwayo T2FD ina rezista. Kweli inayo, lakini ile ya T2FD ni ya mamia ya omu na imekaa mkabala na pale koaksi inapoingia, kwenye dipoli iliyokunjwa ambayo kwa mita 80 ina urefu wa karibu mita 28. Nguvu inapita kwenye waya kwanza, na kinachobaki ndicho kinachoishia kwenye rezista. Hata hivyo waliowahi kuitumia wanaijua hasara yake. Kuifananisha na boksi lake ni kututukana.

Koaksi sasa. Maandishi ya nje ni safi kabisa: RG-213, omu 50, unene wa milimita 10 na kidogo, kama inavyotakiwa. Uongo uko ndani. RG-213 halisi ina nyuzi saba za shaba katikati, kila moja ya milimita 0.75, na wavu wa shaba uliofumwa hadi plastiki nyeupe chini yake haionekani. Yake ina nyuzi za alumini zilizopakwa shaba, na wavu una mapengo ya kupitisha njiti ya kiberiti.

Ana jibu la hilo pia. Anasema umeme wa redio unapita juu juu ya waya, basi ganda la shaba linatosha. Kwa VHF (masafa ya juu, kuanzia 30 MHz) ana hoja. Kwenye 3.5 MHz mkondo unazama karibu mikromita 35 ndani ya shaba, na kwenye 1.8 MHz karibu 50, wakati ganda la nyuzi nyembamba za aina hii mara nyingi halifiki huko. Ndiyo kusema waya huo unaumia zaidi bendi za chini kuliko juu, kinyume na watu wanavyodhani. Lakini hasara hiyo peke yake ungeweza kuivumilia. Kinachoua ni mvua. Unyevu ukiingia kwenye konekta, shaba na alumini zinapoonana na maji alumini inaliwa, lehemu inaachia, na baada ya msimu mmoja una kebo inayofanya kazi jua likiwaka na kufa asubuhi yenye umande. Hapo utapanda mlingotini kutafuta ugonjwa ambao haupo mlingotini.

Vipimo: leta mizani. Mita 30 za RG-213 zina uzito wa zaidi ya kilo 4.5, rola ikikaribia nusu ya hapo, mrudishie. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona nyeupe, ni alumini. Pitisha sumaku, ikishika, mna chuma. Ukiwa na NanoVNA, acha mwisho wa kebo wazi na usome S11 (kinachorudi) kwenye LOGMAG (mchoro wa desibeli, dB) karibu na 3.6 MHz. Nusu ya namba hiyo ndiyo hasara ya kwenda njia moja. Mita 30 nzuri zitakuonyesha chini ya dB 1, yaani hasara ya chini ya nusu dB. Ukikuta dB 6, nusu ya nguvu yako haifiki juu. Na jueni kwamba kebo mbovu inapendezesha SWR: kinachorudi kutoka kwenye antena kinaliwa njiani, mita inacheka.

Balani zake zina ringi nyeusi anazoziita FT240-43, yaani aina ya ringi za feraiti. Kwaruza rangi nyeusi utaona manjano, na upande mmoja mweupe. Hizo ni ringi za unga wa chuma kama zile za ndani ya pawa za kompyuta, hazifai kabisa kuwa balani ya bendi za chini. Ukiogopa kukwaruza, zungusha waya mara 10 upime: FT240-43 halisi inatoa karibu mikrohenri 107, na hizi zinaambulia kama 10. Tofauti ya mara kumi haihitaji mjadala.

Lakini kinachoniudhi kuliko ringi ni "huduma baada ya mauzo". Huyu mtu anajua kwamba anayejenga dipoli kwa mara ya kwanza hajiamini. Kijana mmoja wa Mukono alipolalamika kwamba SWR haishuki, aliambiwa akate sentimita 50 kila upande. Akakata. Akaambiwa akate tena. Kisha ashushe antena, aipandishe, ageuze mwelekeo, azike chuma cha ardhi. Siku zinaenda, pesa imeshatolewa, na mteja anaamini tatizo ni mikono yake. Dipoli ilipokuja kupimwa ilikuwa fupi kiasi kwamba inaitikia juu ya 4 MHz, nje ya bendi yetu, na kosa lilikuwa kwenye kebo tangu mwanzo. Alipodai arudishiwe, akaambiwa waya umeshakatwa, bidhaa imetumika. Halafu akablokiwa.

Kwa hiyo mtu akikuambia ukate, sema subiri. Pima kebo peke yake kwanza, ikiwa na rezista ya omu 50 mwisho, kisha ikiwa wazi. Pima balani peke yake. Waya ndio wa mwisho, na unaanza kwa kuuacha mrefu na kuukunja ncha badala ya kuukata.

Nisimwonee mtu, si kila SWR mbaya ni wizi. Waya wenye ganda la plastiki unatakiwa ufupi wa asilimia 2 hadi 4 kuliko hesabu. Dipoli iliyolala mita mbili juu ya mabati itakupa namba za ajabu hata ukiinunua kwa malaika. Fanyeni vipimo nilivyotaja kabla ya kumwita mtu tapeli. Vyote havitegemei urefu wa mlingoti wako.

Upande wa pesa mtindo wake ni mmoja. Bei inakuwa nafuu kidogo kuliko unavyotarajia, si nafuu ya kutisha. Anataka nusu kwa MoMo au Airtel Money "kushikilia mzigo". Ukishatuma, mzigo unakwama Entebbe na kuna "ushuru" wa kulipa leo kabla ya saa kumi, kwa namba nyingine ya simu. Ushuru wa URA, mamlaka ya mapato, unalipwa kwa PRN, namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo wao wenyewe, na pesa inaingia serikalini. Hakuna afisa wa forodha anayepokea ushuru kwenye laini yake. Pia, kabla ya kuweka PIN simu inakuonyesha jina lililosajiliwa. Kama umeongea na bwana fulani na jina linalotokea ni la mama fulani, ghairi hapo hapo.

Uliyekwisha kutuma: pigia kampuni ya laini yako sasa hivi waombe waizuie, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala haipatikani. Hifadhi namba ya muamala, mazungumzo na ile video yake, usifute kitu kwa hasira. Nenda polisi ufungue kesi na uchukue namba ya SD (ya kitabu cha matukio cha kituo). Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 ina kosa la udanganyifu wa kielektroniki, kwa hiyo usikubali kuambiwa hayo ni mambo yenu ya biashara.

Mnaouliza mnunue wapi: kwa kuanza hamhitaji seti ya mtu yeyote. Waya wa shaba wa nyumba, ule wa milimita mraba 2.5, unapatikana kila duka la vifaa vya umeme na unaupima kwa kisu pale pale kaunta. Vihami unakata kwenye ubao wa plastiki wa jikoni. Balani inaweza kusubiri. Dipoli itafanya kazi bila hiyo, utavumilia kelele kidogo za ziada. Kebo ya TV ya omu 75 inafaa vizuri kwa wati 100, ila nyingi za bei rahisi zina chuma katikati, kwa hiyo nenda na sumaku mfukoni. Kwa kuongea na Gulu au Arua, bendi ya mita 40 mchana na ya mita 80 usiku, dipoli iliyo juu mita 10 kutoka ardhini inatosha sana, kwa sababu mawimbi unayataka yapande juu na kushuka karibu.

Nyongeza: baada ya kuandika haya nimeonyeshwa tangazo lake jipya. Sasa anauza seti "pamoja na leseni na call sign", yaani kwa pesa ya ziada unapata herufi za kujitambulisha hewani zinazoanza na 5X na karatasi yenye muhuri. Call sign za Uganda zinatolewa na UCC, tume ya mawasiliano, ofisi zao ziko Bugolobi, na maombi unapeleka wewe mwenyewe. Aliyeuziwa karatasi hiyo asiitumie hewani; aipeleke UCC waione, na nakala aiongeze kwenye faili lake la polisi.